Majazi Katika Doña Bárbara: Jina la Mhusika Si Hukumu Yake

Katika uhakiki wa riwaya vyuoni, majazi ni mbinu ambayo aghalabu humalizwa kwa sentensi moja: jina hutajwa, maana yake hutolewa, kisha mhusika hufungiwa humo. Mazoea haya yana asili yake. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alimwita mwadilifu Adili, na ndugu zake wenye kijicho akawaita Hasidi na Mwivu. Nao wakatenda kama walivyoitwa. Katika Kusadikika, Majivuno ni mshtaki na Karama ni mshtakiwa. Msomaji hahitaji kuuliza haki iko upande gani. Je, kila riwaya yenye majazi husomeka hivyo? Doña Bárbara, riwaya ya Rómulo Gallegos wa Venezuela iliyochapishwa mwaka wa 1929, inaonyesha kwamba sivyo.

Riwaya hii inasimulia habari za ukoo wa Luzardo, wenye ranchi ya ng'ombe iitwayo Altamira katika mbuga za Llanos, kando ya mto Arauca. Kijuujuu, majina yamekwisha kutoa hukumu. Santos Luzardo, wakili aliyesomea Caracas, amebeba utakatifu na nuru katika jina lake. Jirani yake, Doña Bárbara, amebeba ushenzi katika lake, na ranchi yake inaitwa El Miedo, yaani Hofu. Mmarekani anayejinufaisha kwa udhaifu wa wenyeji anaitwa Mister Danger, yaani Hatari. Ndiyo sababu dhamira ya riwaya hufupishwa kuwa mapambano ya ustaarabu na ushenzi. Ufupisho huo si uongo, ila hautoshi.

Kwanza, ushenzi haukuletwa Altamira na Doña Bárbara. Ulizaliwa ndani ya ukoo wenyewe. Waluzardo na Wabarquero, watu wa damu moja, walianza kuuana kwa ajili ya mpaka wa ardhi. Kisha José Luzardo, babake Santos, akagombana na mwanawe Félix kuhusu vita vya Marekani na Uhispania vya mwaka wa 1898, akamchoma mkuki akamwua. Baadaye alijifungia chumbani, asile wala asinywe, hadi akafa. Mkuki ulibaki umekwama ukutani, na Santos ndiye anayeung'oa arudipo baada ya miaka mingi. Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ni watoto. Santos alilelewa mbali na kwao. Binamuye, Lorenzo Barquero, kijana msomi aliyetarajiwa makuu, anageuka mlevi kibandani pamoja na Marisela, binti aliyezaa na Doña Bárbara na ambaye mamake alimtupa.

Pili, huyo anayeitwa mshenzi hakuzaliwa hivyo. Katika ujana wake chomboni mtoni, Bárbara alimpenda Asdrúbal, kijana aliyemfundisha kusoma na kuandika. Asdrúbal aliuawa, naye Bárbara akanajisiwa na mabaharia. Chuki yake kwa wanaume, uchawi wake na uroho wake wa ardhi vinatoka hapo. Gallegos hamtetei, maana ardhi aliyoinyakua ni ya dhuluma na damu aliyomwaga ni ya kweli. Hata hivyo, mhakiki anayeandika kwamba Bárbara ni mkatili kwa kuwa anaitwa Bárbara ameiruka sehemu ya riwaya inayouma zaidi.

Tatu, mwenye jina la nuru naye anapotea gizani. Santos anaamini kwamba sheria na ua wa seng'enge vitatosha kuleta haki. Lakini sheria ya Llanos imekwisha kununuliwa na Doña Bárbara. Mfanyakazi wake Carmelito anapouawa na wakuu wa serikali wakapuuza, Santos anashika silaha, na baada ya ufyatulianaji wa risasi anaamini kwamba amemwua Melquíades, mtumishi wa Doña Bárbara. Ni Marisela, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote, anayemwokoa: kwa kutafakari upande wa jeraha anatambua kwamba risasi iliyoua haikuwa ya Santos. Msomi anaongozwa na binti aliyemfundisha usemi na adabu.

Kilele cha hoja hii ni pale Doña Bárbara anapomwelekezea Marisela bunduki kwa wivu. Katika uso wa bintiye anajiona mwenyewe alivyokuwa siku za Asdrúbal, akaishusha bunduki. Kisha anamwachia Marisela mali yote na kutoweka. Mwenye jina la ushenzi ndiye anayeukata mnyororo wa damu ambao ukoo wa nuru ulishindwa kuukata.

Riwaya hii haikosi dosari. Kutoweka kwa Doña Bárbara kunarahisisha mambo mno. El Miedo inafutika, ardhi yote inarudi kuwa Altamira kwa njia ya mapenzi ya Santos na Marisela, na wachungaji waliomwaga jasho na damu wanabaki kuwa wachungaji. Swali la nani anastahili ardhi linajibiwa kwa kubadilisha bwana tu. Aidha, historia yenyewe ilimkumbusha Gallegos kwamba nuru peke yake haishindi: aliingia madarakani kama rais wa Venezuela mnamo Februari 1948, na mnamo Novemba mwaka huo huo wanajeshi wakampindua.

Funzo kwa mwanafunzi wa fasihi ni kwamba majazi ni mlango, si chumba. Jina humwambia msomaji mahali pa kuanzia. Matendo, historia na majuto ya mhusika ndiyo yanayoonyesha alikofika. Anayekomea kwenye jina humhukumu mhusika kabla ya kumsikiliza, na mazoea hayo yakizoeleka vitabuni, si ajabu yakahamia kwa majirani.