Mwosha huoshwa

 

Ndugu msomaji, wiki hii tunaomba radhi. Tulikwisha kuahidi kuendelea na mada ya mirathi, lakini imetuwia vigumu kuandika juu ya mafungu ya warithi ilhali nyumbani kwetu, hapa Babati, matanga ndiyo kwanza yameondolewa. Bibi yetu, mzaa baba, amerejea kwa Mola wake. Hakuwa akijua kuzisoma herufi za gazeti hili, ingawa msahafu aliusoma mpaka macho yalipomkatalia. Kila Ijumaa alituamuru tumsomee ukurasa huu, kisha akatusahihisha.

Alizaliwa upande wa Kondoa, akaja Babati akiwa bi harusi, amekaa juu ya magunia ndani ya lori, katika ile njia ya vumbi ambayo wazee waliijua kuwa inatoka Cape na kwenda Cairo. Njia hiyo ilipokwisha kutiwa lami hadi Dodoma na kufunguliwa rasmi mwaka 2018, mmoja wetu alimpeleka kwao kwa gari dogo. Walifika Kondoa kabla hajamaliza uradi wake. Akalalamika kwamba lami imempunguzia thawabu.

Babu alikuwa fundi cherehani, naye alitangulia mapema. Bibi akawalea watoto saba kwa mbaazi, mahindi na vitumbua vya alfajiri. Hayo hatutayarefusha, maana wasomaji wengi wana bibi wa namna hiyo, na kila mmoja anamjua wake. Tunalotaka kulisema ni juu ya kikapu kilichokuwa kikikaa nyuma ya mlango wa chumba chake.

Ndani ya kikapu hicho mlikuwa na pamba, mkasi, vitambaa safi vya kuvaa mkononi, kafuri, na kopo la majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa. Tulipokuwa wadogo tulikiogopa kuliko viboko wa Ziwa Babati. Mtu alipobisha hodi usiku, Bibi hakuuliza habari nyingi. Aliuliza, "Maji mnayo?" Kisha akajitanda kanga, akachukua kikapu, akatoka. Kwa zaidi ya miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike katika mitaa yetu, na mara nyingine hata vijijini, upande wa Bonga na kwingineko. Malipo hakupokea. Akilazimishwa sana alichukua mche wa sabuni, nao ukaishia kwenye kikapu kilekile.

Utotoni tulimwuliza, kwa ule udadisi wa watoto, marehemu alikuwaje. Akajibu, "Alikuwa amelala." Tukamwuliza tena kwa mwingine, akajibu vilevile. Tulipofika chuoni na kusoma kwamba mwosha ameamrishwa kuyasitiri aliyoyaona juu ya maiti, tulitambua kuwa mlango huo wa fiqhi tulikwisha kuusoma jikoni, bila kitabu.

Kisa kimoja alikubali kukisimulia, kwa kuwa hakikuwa na aibu ya mtu. Zamani, kabla simu za mkononi hazijaenea, mwanamke mmoja msafiri alifariki ndani ya basi lililokuwa likipita hapa mjini. Hakuwa na jamaa. Katika mkoba wake walikuta msala na tasbihi, basi polisi walipotoa kibali Waislamu wakamchukua. Bibi alimwosha, akazitenga nywele zake mafungu matatu, akazisuka na kuzilaza nyuma. Siku ya nne wakafika mabinti wawili wa marehemu, kaburi limekwisha kufunikwa. Hawakuuliza juu ya mkoba wala fedha. Waliuliza ni nani aliyemwosha mama yao. Wakaletwa kwa Bibi, naye akawaambia, "Mama yenu nilimsuka." Anasema walilia hapo, na kabla ya hapo hawakuwa wamelia.

Mikia ile mitatu Bibi hakuibuni. Ni mafunzo ya Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari (radhi za Allah ziwe juu yake), ambaye ni miongoni mwa waliomwosha Zainab, binti wa Mtume (S.A.W.), alipofariki katika mwaka wa 8 Hijria. Katika Hadithi yake, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ndimo tulimopata kwamba maiti huoshwa mara tatu, au tano, au zaidi ikihitajika, kwa idadi ya witri. Kwamba maji hutiwa mkunazi. Kwamba kafuri hutiwa katika josho la mwisho. Na kwamba huanzwa upande wa kulia na viungo vya udhu. Habari ya mikia mitatu imepokewa kupitia kwa Hafsa binti Sirin, mwanamke vilevile. Ummu Atiyya alipohamia Basra, wanazuoni wa mji ule walijifunza kwake namna ya kuosha maiti. Wanaume wenye vilemba waliketi kumsikiliza mwanamke juu ya jambo hili, wala hawakuona wamepungukiwa. Tunalitaja hili makusudi, kwa sababu linatuhusu.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika upande wa mji wa Katesh. Watu wa Babati tulikusanya mablanketi, unga na sufuria. Bibi wakati huo magoti yalikuwa yamekwisha kumshinda. Tuliporudi kutoka huko tukaketi mbele yake kumweleza tuliyoyaona, na alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wanawake wanaoshwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumeuliza.

Wiki mbili baadaye alituita. Alisema anataka mambo mawili kutoka kwa kamati ya msikiti. La kwanza, mabinti sita wenye nguvu, awafundishe kabla hajafa. La pili, kile chumba cha nyuma kinachojaa magodoro mabovu, kiwekwe ubao wa kuoshea na kuchimbwa ufuo wa kupokea maji, ili mtu aliyepanga chumba kimoja asihangaike siku ya msiba. Tukaahidi. Sisi ndio tunaoshika kalamu ya kamati, hivyo hatuna wa kumsukumia. Katika kumbukumbu za kikao cha Januari 2024, chini ya Mengineyo, imeandikwa kwa mwandiko wetu kwamba ombi limepokelewa na litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho tulijadili bati la paa. Kilichofuata, vipaza sauti. Bibi hakutukumbusha zaidi ya mara mbili. Hakuwa mtu wa kudai.

Alifariki siku ya Alhamisi kabla ya alfajiri. Mauti yake yalikuwa mepesi, tunamshukuru Allah. Saa tatu asubuhi kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na mwanandani wake, jeneza limeletwa, wanaume wamejaa barazani, na maziko yametangazwa kuwa baada ya Adhuhuri. Hapo ndipo tulipopata habari kutoka ndani. Hapakuwa na wa kumwosha. Kati ya wenzake wawili waliobaki, mmoja alikuwa Kondoa kwenye msiba mwingine, na wa pili mkono wake wa kulia umelemaa kwa kiharusi. Wanawake walikuwa wengi, wasomi kwa wasiosoma, miongoni mwao dada zetu waliohifadhi juzuu kadhaa. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Adhuhuri ikapita. Tukatangaza tena, kuwa ni baada ya Alasiri. Tumeandika matangazo mengi ya msikiti, lakini lile lilitushinda kulisoma kwa sauti.

Hatimaye shangazi yetu mdogo akasimama. Miaka yote alikuwa akimfuata Bibi kumshikia kata ya maji, ila kitambaa hajapata kukivaa mkononi. Yule bibi mwenye kiharusi akawekewa kiti kichwani pa kitanda, naye akawa anaelekeza kwa mdomo. Sisi tulikuwa nje, nyuma ya ukuta, tukisikia sauti yake tu: "Kuliani kwanza. Taratibu, bibie. Kuliani." Katikati ya hayo ikadhihirika kuwa sanda tuliyoinunua haikutosha. Tulipima ya mwanaume, nguo tatu, hali ya kuwa sanda ya mwanamke ni nguo tano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na shuka mbili za kumkunja. Kijana akapandishwa bodaboda kurudi dukani. Mwenye shahada ya chuo cha Kiislamu ndiye aliyepima sanda ile. Tunaliandika hili ili lisimuliwe na sisi wenyewe kabla halijasimuliwa na wengine.

Alizikwa jua likiwa limeinama.

Wasomaji wanakijua kisa cha yule mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), ambaye baadhi ya wanazuoni wamemtaja kwa jina la Ummu Mihjan. Alifariki, akazikwa, na Mtume (S.A.W.) asiambiwe, maswahaba waliliona jambo lake dogo. Alipomkosa akauliza, akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia hapo. Kisa hiki tumekisikia mara nyingi katika mawaidha juu ya usafi wa misikiti. Baada ya Alhamisi ile hatuwezi kukisikia tena kwa namna hiyo. Tunasimama pale palipokuwa na wale walioulizwa, wakawa hawana la kujibu.

Wapo watakaosema, akina mama wenyewe ndio wazembe, mbona hawakujitokeza kujifunza? Si kweli, au si kweli yote. Tulipotangaza darasa Jumamosi iliyofuata maziko, walikuja kumi na mmoja. Kumbe baadhi yao walikuwa wakisubiri kuitwa kwa miaka. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliandika utenzi wake mwaka 1858 ili binti yake asikose wasia wa mama. Bibi yetu hakuwa mtunzi. Alitaka chumba na wanafunzi sita, na magodoro yale tumeyatoa kwa nusu siku tu.

Darasa ni kila Jumamosi baada ya Alasiri. Shangazi ndiye anayefundisha, kwa kutumia mto mrefu aliouvika kanga, na yule bibi mwenye kiharusi huletwa kwa bajaji ambayo nauli yake hulipwa na kamati. Dada mmoja ametutumia swali kama mwenye hedhi anaweza kuosha maiti. Katika madhehebu ya Imamu Shafi inajuzu, wala si makuruhu, basi asizuiliwe. Ubao umekwisha kuchongwa. Ufuo bado, fundi ameahidi wiki ijayo. Majani ya mkunazi yapo ya kutosha, katika kopo lake lilelile, ila kafuri imekwisha. Mwenye safari ya Arusha kabla ya Jumamosi, tafadhali apitie kwetu baada ya swala ya Isha tumpe fedha.