Uwanja wa Tempelhof una wenyewe

Katikati ya jiji la Berlin, Ujerumani, kuna uwanja wa majani wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 300, na hakuna aliyeruhusiwa kujenga nyumba juu yake. Ni ule uliokuwa uwanja wa ndege wa Tempelhof, ambao mwaka 1948 na 1949 ulipokea ndege zilizobeba chakula na makaa ya mawe pale Wasovieti walipoifunga Berlin ya Magharibi. Uwanja ulifungwa kwa safari za ndege Oktoba 2008. Mei 2010 milango ikafunguliwa kwa umma: njia za kurukia ndege zikawa za baiskeli, watoto wakarusha tiara, na pembeni familia zikachoma nyama.

Kiwanja kikubwa namna hiyo hakikosi watu wa kukitamani. Serikali ya jimbo la Berlin ilitoka na mpango wa kujenga nyumba zipatazo 4,700 pembezoni, pamoja na ofisi na maktaba kubwa, huku ikiahidi kuliacha wazi eneo la katikati. Michoro ilipendeza. Lakini wakazi wengi waliona kwamba wanaitwa kuulizwa rangi ya mlango wakati nyumba yenyewe imekwisha kuamuliwa. Ndipo kikundi cha wananchi kilichojiita 100% Tempelhofer Feld kikakusanya saini zaidi ya 185,000 na kulazimisha kura ya wananchi. Tarehe 25 Mei 2014 asilimia 64 ya waliopiga kura walikubali sheria ya kuuacha uwanja wote kama ulivyo. Bunge la jimbo nalo liliweka pendekezo lake kwenye karatasi ile ile ya kura, likashindwa.

Kuna wanaosema watu wa Berlin walikosea, na hoja yao si ya kudharauliwa. Nyumba za kupanga katika mji ule ni shida kubwa, na ndugu zetu walioko huko wanajua maana ya kusimama mstari mrefu kwenye ngazi ili kuonyeshwa chumba kimoja. Ila tuulize kwa nini watu hawakuiamini ahadi ya nyumba za bei nafuu. Serikali iliyokuwa ikiahidi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa miongoni mwa wenye uwanja mpya wa ndege uliotakiwa kufunguliwa Juni 2012, ukafunguliwa Oktoba 2020! Mtu wa namna hiyo akikuambia "tutajenga pembeni tu", una haki ya kutaka maandishi.

Jambo linalotugusa zaidi sisi tulioko ughaibuni ni hili: kura ile ilikuwa ya raia wa Kijerumani peke yao. Mtaa wa Neukölln, unaopakana na uwanja huo upande wa mashariki, umejaa Waturuki, Waarabu na Waafrika, na wengi wao walikuwa wakiutumia uwanja kila Jumapili kuliko waliopiga kura kutoka upande mwingine wa mji. Hawakuulizwa kitu siku hiyo. Baada ya kura, hata hivyo, kulifuata kazi ya karibu miaka miwili ya kupanga matumizi: miti ipandwe wapi, vyoo viwekwe wapi, mbwa waachiwe sehemu gani, na kipozamataza anayetaga mayai katikati ya majani alindwe vipi. Mikutano hiyo ilikuwa wazi kwa umma, wala mlangoni hapakuhitajika pasipoti. Sisi tunaona hapo ndipo penye nafasi yetu, popote tunapoishi, na ndipo tunapokosekana zaidi. Tangazo hubandikwa ukutani, tunalipita tukidhani ni mambo ya wenyewe, kisha bustani ikifunguliwa tunashangaa mbona hakuna hata benchi la wazee wala mahali pa kuchomea nyama.

Hata sheria iliyopigiwa kura haikumaliza ubishi. Mwaka 2016 bunge liliirekebisha ili makazi ya muda ya wakimbizi yawekwe ukingoni mwa uwanja, jambo ambalo wengi walilielewa. Lakini mwaka 2023 serikali mpya ya CDU na SPD iliirudisha hoja ya kujenga nyumba pembezoni. Mwaka uliofuata wakaitwa wakazi waliochaguliwa kwa bahati nasibu watoe maoni, na wengi wao hawakutaka ujenzi. Serikali haikuitupa hoja yake.

Tukitazama nyumbani, tunao wa kuwakumbuka. Mwaka 1989 marehemu Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa na wakubwa hadharani, na mwishowe jengo halikujengwa. Bustani ile ilipona kwa ukaidi wa mwanamke mmoja na wenzake, kwani wakati huo hapakuwa na njia ya kisheria ya mwananchi kusema hapana. Katiba ya Kenya ya 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi kati ya misingi ya utawala. Dar es Salaam nako, viwanja vya wazi vilivyomo kwenye ramani za mipango miji vimemezwa kimoja kimoja: leo watoto wanacheza mpira, kesho mabati yamezungushwa, kesho kutwa kuna kituo cha mafuta.

Kwa hiyo anayeitwa kwenye mkutano wa maoni, awe Temeke, Berlin au Leicester, tunamwomba aulize mapema kabla chai haijaletwa: mchoro umekwisha kuchorwa au bado? Nani ameshika kalamu ya kuandika tunayoyasema, na nakala tutaipata wapi? Na sisi tukikataa, ni sheria gani itakayomzuia mwenye tingatinga?