Tusiufunge Mlima kwa Sababu ya Mbwa Mmoja

Tangu muhula uliopita Jumamosi zetu zimepoa kama uji wa jana. Safari za Milima ya Ngong zimesimamishwa, na mbwa wamepigwa marufuku kuandamana na mwanafunzi yeyote. Chanzo ni mtoto mmoja wa kijijini aliyeumwa mguuni na mbwa wakati kikundi chetu kilipokuwa kikishuka. Mbwa huyo hakuwa wetu. Alitoka kwenye ua wa watu, akafuata kelele, akauma, akatoweka. Lakini samaki mmoja akioza wote huoza, basi sisi na mbwa wetu tukatiwa kapu moja.

Mimi nasema uamuzi huo haufai. Walimu wangu wasinione mtovu wa adabu. Chamani humu tumezoea kwamba hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwa wasiopata kufika huko, Milima ya Ngong si matembezi ya kwenda dukani. Kilele cha juu kabisa kina mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Ukianzia upande wa mji wa Ngong, kwenye ile mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, hadi Kona Baridi, ni kilomita 10 hivi za panda shuka, panda shuka. Kila unapodhani umemaliza, kilima kingine kimesimama mbele yako kikikucheka. Upepo nao si mchezo, unaweza kukuvua kofia ukaiona ikielekea Magadi. Upande mmoja Bonde la Ufa limelala chini kama mkeka, upande wa pili ni Nairobi na moshi wake.

Kutembea huko ni kazi; kukimbia ni kazi maradufu. Uwanjani unazunguka tu huku akili iko kwenye chakula cha mchana. Mlimani kila hatua ina uamuzi wake: jiwe hili limekaa imara au litateleza? Tena watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Jamani, kushuka ndiko kunakovunja mapaja! Kesho yake utawaona watu wakishuka ngazi za bweni kinyumenyume.

Wako wanaosema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hao hebu wamuulizie Lucy Wambui Murigi, Mkenya aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 kule Italia, akarudia tena mwaka 2018 kule Andorra. Patrick Kipngeno naye alitwaa dhahabu ya dunia ya mbio za kupanda mlima nchini Thailand mwaka 2022. Sisi tunawashangilia wa uwanjani na wa marathoni tu, hawa wa milimani wakipita barabarani hatuwajui.

Sasa nije kwa mbwa. Kwetu mbwa amezaliwa kuwa mlinzi. Mchana kutwa yumo kwenye kibanda au amefungwa mnyororo, usiku anafunguliwa abweke. Halafu tunashangaa kwamba ni mkali! Tomi, mbwa wa mwanafunzi mmoja wa kutwa, alikuwa hivyo hivyo. Alipoanza kuja nasi mlimani alibadilika kabisa. Njia nzima hutangulia mbele kadiri kamba inavyomruhusu, kisha hugeuka kutuhesabu. Aliyebaki nyuma ndiye anayemsubiri. Dada mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye zamani kilima cha tatu kilikuwa mwisho wake, siku hizi anafika Kona Baridi kwa kuwa ndiye anayeishika kamba ile. Anasema akiwa na Tomi hakumbuki pumzi zake.

Isitoshe, katika vichaka vya huko wamo nyati. Mbwa hunusa kabla yetu, husimama, masikio wima, nasi tunasimama. Hata hivyo, na hapa nawaunga mkono walimu, mbwa aliyeachiliwa huru ni hatari. Atamchokoza nyati, kisha atamkimbilia bwana wake huku nyati yuko nyuma yake! Kamba ni lazima, wala sitaki mjadala. Hata katika Msitu wa Karura, ambako mbwa wanakaribishwa, sharti ni hilo hilo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kichaa cha mbwa. Hiyo siipuuzi hata kidogo. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana yule mtoto aliyeumwa alistahili kuhangaikiwa zaidi kuliko sisi kugombezwa. Ajabu ni kwamba pale pale njiani hakuna mtu mzima aliyetaja sabuni. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu hukimbizwa hospitali kuchomwa sindano za chanjo. Si kupaka pilipili, si kufunga kitambaa na kungoja kesho. Jambo hili lingetangazwa kwenye gwaride la Jumatatu lingetufaa zaidi kuliko lile tangazo la marufuku.

Na tukumbuke marufuku yenyewe haijamchanja mbwa hata mmoja. Yule aliyeuma bado yuko kijijini, na watoto wa kijiji hupita pale kila asubuhi wakienda shule. Mwaka 2014 nchi yetu iliweka mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa wakichanjwa asilimia 70 kila mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Sasa asilimia hiyo itapatikanaje ikiwa shule, yenye wanafunzi kutoka kila boma, inajifungia lango na kusema mbwa si shauri letu? Mbwa wetu wanne wana vyeti vya chanjo. Ni nani aliyeomba kuviona?

Sisemi mbwa apelekwe kila mahali. Longonot, kwa mfano, ni mbuga ya taifa, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi. Sheria hiyo ina maana yake. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliingia Serengeti vikaua takriban thuluthi moja ya simba, vikafika hadi Maasai Mara. Watafiti waliwashuku mbwa wa vijiji jirani. Basi siku ya Longonot Tomi atabaki nyumbani, anune akipenda.

Kadhalika tunao wenzetu Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wao ni wapandaji hodari, na si haki wachague kati ya mlima na dini yao. Mbwa watangulie na wanaowashika, wengine wafuate kwa umbali, na pasiwe na mbwa karibu na vyakula na maji. Tulifanya hivyo mwaka jana na hakuna aliyenung'unika.

Jua nalo lizingatiwe. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema. Tukianza saa kumi na mbili asubuhi na kumbebea maji yake, atamaliza salama. Tukianza saa nne, tutamwua bure.

Tumeandika barua kumwomba mwalimu mkuu aturudishie Jumamosi mbili kwa mwezi: mbwa wenye vyeti tu, kila mmoja na kamba yake, na mwalimu mmoja pamoja nasi. Tumeomba pia daktari wa mifugo aalikwe shuleni tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wanakijiji walete mbwa wao, akiwemo yule wa ua ule. Mwalimu mlezi amekubali kuifikisha. Kufikia jana ilikuwa na sahihi 43. Karatasi iko kwa katibu wa chama, maktabani, wakati wa mapumziko ya saa nne, na chini pamebaki nafasi.