Maabara Haijengwi Novemba

Ndugu wazazi, walimu na viongozi wa vijiji vya Shinyanga na Geita, yafaa tukumbushane jambo ambalo tumelilipia gharama kubwa. Mradi wa shule ukikwama dakika ya mwisho, tusiilaumu dakika hiyo. Uliharibika zamani, siku tulipopanga tarehe ya kumaliza kabla ya kupanga fedha, majira na vitu vya kutiwa ndani.

Mfano tunao. Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, ndani ya miaka miwili. Agizo lilikuwa jema, na anayelibeza simuungi mkono. Mtoto wa mkulima wa Kishapu na wa mchimbaji wa Nyarugusu hawawezi kuijua kemia kwa kuikariri ubaoni. Lakini katika kata nyingi muda ulipita kwa vikao, na Novemba 30, 2014 ilipokaribia ndipo daftari la michango likazungushwa kwa vitisho, mgambo mbele, mtendaji nyuma. Siku ikafika, maabara nyingi nchini hazijakwisha. Muda ukaongezwa hadi Juni 2015.

Tazameni majira yenyewe. Huku kwetu mkulima hushika fedha pamba inaponunuliwa, katikati ya mwaka. Ifikapo Novemba mvua zimeanza, maksai wako kwenye majembe, ghala limepungua, na shilingi iliyobaki ni ya mbegu. Kumdai mchango wakati huo ni kumkamua ng'ombe aliyekauka. Upande wa dhahabu nako kuna lake: rashi ya dhahabu ikisikika mahali, vijana huhamia kwenye maduara ya machimbo usiku huohuo, na fundi anabaki na mchanga bila wa kuuchanganya. Juu ya hayo, uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Desemba 14, 2014, majuma mawili tu baada ya tarehe ile. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka kurudi madarakani angewezaje kuchangisha mchana na kuomba kura jioni kwa watu walewale?

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi lilikuwa la hesabu. Taarifa zilizopanda kutoka kata hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi mkoa, zilisema: msingi umekwisha, boma limefika lenta, jengo limepauliwa. Ni nani aliyeuliza habari za sinki, bomba, gesi, meza, kabati la kemikali, shimo la maji machafu na mtaalamu wa kusimamia maabara? Chumba kisicho na vitu hivyo ni darasa lililopewa jina jingine. Mtihani wa kidato cha nne huja Novemba hiyohiyo, na swali la vitendo halimuulizi mtahiniwa shule yake imeezekwa bati la geji gani.

Wapo watakaosema kuwa bila tarehe ya kubana watu hawafanyi kazi. Nawakubalia nusu. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Uviko-19, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20, na kazi ikatakiwa kwisha kabla mwaka haujaisha. Muda ulikuwa mfupi mno, lakini fedha na ramani vilitangulia tarehe, na Januari watoto walipokelewa. Basi muda mfupi peke yake hauui mradi. Kinachouua ni amri iliyotangulia kadirio. Mbio za namna hiyo ni mbio za sakafuni, na mwisho wake tunaujua ni ukingoni.

Tufanyeje sasa? Kwanza, kamati ya ujenzi isichimbe msingi kabla ya kuandika orodha nzima, kuanzia tofali la kwanza hadi bomba la mwisho, na bei zake. Maabara moja iliyotimia ni bora kuliko maboma matatu yanayoota magugu.

Pili, tufuate kalenda ya mkulima. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mtoto hafukuzwi shule kwa ajili ya mchango, na ni haki. Lakini nguvu za wananchi bado zinahitajika, na wakati wa kuziomba ni pamba ikishauzwa, wakati wa kujenga ni kiangazi. Bandu bandu humaliza gogo, mradi shoka liingie mapema.

Tatu, hesabu zibandikwe ukutani shuleni kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mtu anayeona saruji yake imekwenda wapi hahitaji mgambo mlangoni.

Nne, tulio jirani na migodi mikubwa tutumie sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii, akikubaliana na halmashauri. Diwani asiende kwenye kikao hicho kuomba majengo mapya ya kupigia picha huku ya zamani yakiwa matupu. Aombe vifaa, maji na gesi kwa maabara zilizokwisha kusimama.

Wazazi wenzangu, mkutano wa kijiji ukiitishwa msikae nyuma mkinong'ona. Simameni mwulize maswali matatu: fedha iko wapi, kazi inaanza lini, na siku ya kufungua mtoto atakuta nini ndani? Mwenye majibu mpeni nguvu zenu zote. Asiye nayo mrudisheni akajipange, hata kama ameshachagua siku ya kukata utepe.