WAYA MMOJA WA KISIWA KIZIMA



Wako watu wasemao kwamba giza la Unguja lilikuwa bahati mbaya. Sisi hatukubali hata kidogo. Waya ule wa umeme ulilazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba. Kisiwa kizima kikategemea waya huo mmoja, wala hapakuwa na wa pili. Mwezi wa Mei 2008 umeme ukakatika karibu mwezi mzima. Je, wakubwa waliamka? Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likakaa mpaka Machi 2010!

Aliyeumia ni nani? Mwenye hoteli kubwa aliwasha mashine yake ya dizeli. Mfanya kazi wa nyumba ndogo ya wageni aliambiwa, nenda kwenu. Pampu za maji zikasimama, na mama zetu wakarudi visimani, ndoo kichwani.

Sisi wa reli twayajua haya. Daraja likichukuliwa na maji, gari la moshi halipiti. Ndiyo sababu magenge hukagua njia kabla ya ajali, jua na mvua.

Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Vema. Lakini ule wa kwanza ulikuwa wa megawati 45 tu! Hesabu hiyo ilihitaji miaka 33 na giza mara mbili? Na huu mpya nao utazeeka. Twataka wakubwa waseme sasa, si siku ya giza: ukikatika, ni nini kitakachosukuma maji ya watu wa Unguja?