Kuni za shule si za bure

Tarehe mbili zimeshapita. Serikali ilitaka taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa, tarehe ya kwanza ikiwa Januari 2024 na ya pili Januari 2025. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hata hivyo, pita nyuma ya shule nyingi saa nne asubuhi uone moshi unavyofuka.

Ukimuuliza mwalimu mkuu, atakwambia gesi ni ghali. Hasemi uongo. Ila kuni anazozilinganisha na gesi hiyo, nyingi hazikununuliwa na shule. Zimekuja vichwani mwa wanafunzi, kila mtoto na mzigo wake, na aliyekuja mikono mitupu karudishwa nyumbani. Mtungi wa gesi una risiti. Mzigo wa kuni hauna. Saa za masomo zilizopotea porini haziandikwi popote, wala macho ya mpishi yanayotoka machozi mwaka mzima.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikitoa ruzuku ya mitungi ya kilo 6 kwa kaya. Ni jambo jema, lakini mtungi huo hauivishi makande ya wanafunzi 600. Kinachozikwamisha shule ni gharama ya kuanzia: majiko makubwa, matangi, mabomba, fundi. Shule za bweni zinazonunua kuni kwa lori tayari zina fedha za nishati kila muhula. Zikopeshwe vifaa, zilipe kidogo kidogo kwa fedha ileile ya lori. Shule za kutwa za vijijini hazina fedha hiyo, na kuzitishia kwa katazo bila kuzitengea fungu katika bajeti ya halmashauri ni kuzifundisha kuficha moshi.

Wakati fungu hilo likisubiriwa, yapo ya kufanya leo. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Jiko banifu, ambalo fundi wa kijijini anaweza kulijenga kwa matofali, hula kuni chache zaidi. Maharage yalowekwe usiku. Sufuria ifunikwe. Kuni zikaushwe chini ya paa, maana kuni mbichi huunguza sehemu ya nguvu yake kujikausha yenyewe, na moshi wake ndio mzito kuliko wote.

Na kabla mtu yeyote hajasema tena kwamba gesi ni ghali, kila shule ipime kuni zake kwa muhula mmoja, za lori na za vichwani, izipigie bei ya sokoni, kisha ibandike hesabu hiyo ukutani siku ya kikao cha wazazi.