Shada la maua au jani la isale: kwa nini kila nchi huzika kwa namna yake?

Hivi karibuni, baada ya kipindi chetu cha asubuhi, tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Rombo. Familia yao ilikuwa imefiwa na mzee. Mtoto wa kwanza wa marehemu anaishi Ujerumani, na hakupata ruhusa kazini wala nauli ya haraka. Akatuma fedha na maagizo: linunuliwe shada kubwa la maua halisi, meupe, lenye utepe wa jina lake, liwekwe juu ya kaburi la baba.

Baba yake mdogo alikataa. Alisema kwenye kaburi la mzee wa ukoo hupandwa isale, na kwamba fedha za shada lile zingenunua magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya mjane. Vijana wakaenda Moshi mjini, wakakosa maua halisi ya ukubwa ule, wakarudi na shada la plastiki. Mzee akazikwa. Shada likawekwa, isale nayo ikapandwa. Lakini hadi tunaandika haya, baba mdogo hapokei simu ya mwanawe wa Ujerumani, kwa madai kwamba alitaka kununua heshima kwa fedha. Msikilizaji wetu aliuliza: kati ya hao wawili, nani alikosea?

Hewani tulilijibu swali hilo kwa ufupi, muda ukatuishia. Wengi mlituma ujumbe mkitaka tulieleze zaidi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwetu: isale, ubani na rambirambi

Tuanze nyumbani. Kwa Wachaga, isale si pambo. Ndiyo inayoonyesha mpaka wa kihamba. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la isale lililofungwa fundo, ni vigumu sana kukataliwa msamaha. Ikipandwa kwenye kaburi ndani ya migomba, inaonyesha mahali alipolala mzee, na wajukuu watakaozaliwa baadaye watajua pasipo kuambiwa kwamba hapo hapalimwi. Kwa hiyo baba mdogo aliposema isale inatosha, hakuwa anabana fedha tu. Alikuwa anasema: huyu ni wetu, na bado yupo nyumbani.

Tukishuka hadi pwani na visiwani, mambo ni mengine. Muislamu huzikwa haraka, mara nyingi siku ileile, ndani ya sanda nyeupe isiyotofautisha tajiri na maskini. Maiti huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi, kisha hutiwa karafuu maiti, na jina lake lenyewe linaeleza kazi yake. Shada la maua si sehemu ya mazishi hayo. Wapo wanaochomeka tawi bichi juu ya kaburi wakifuata simulizi za Mtume, na wapo masheikh wanaoona kwamba jambo hilo halikukusudiwa kuwa desturi ya kila mtu.

Angalia pia neno ubani. Ni ule utomvu mkavu unaofukizwa, lakini pwani mtu akisema anakwenda kutoa ubani, ana maana ya fedha anazompa mfiwa. Bara tunaziita rambirambi, na zinaandikwa kwenye daftari ili kesho na keshokutwa nasi tukumbuke kurudisha. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vimejengwa juu ya daftari hilo.

Shada la maua lilitufikia baadaye, kupitia makanisa, ofisi za serikali na mazishi ya mijini. Leo limezoeleka kiasi kwamba msemaji wa msiba huwa na orodha: aanze mjane, wafuate watoto, wajukuu, majirani, waajiri. Familia isiyo na mashada ya kutosha huanza kuona haya. Tukumbuke hapo ndipo aibu ya msiba ilipohamia: zamani aibu ilikuwa kukosa watu wa kuchimba kaburi, sasa ni kukosa maua ya kulifunika.

Ulaya: ua la kaburi usilipeleke sebuleni

Huyu kijana wa Ujerumani naye tumwelewe. Mahali anapoishi, shada lenye utepe ndiyo njia ya kawaida ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake marehemu kusema tulikuwapo. Utepe hubeba majina yao. Asiyeweza kufika, jina lake hufika. Kwake, shada lile lilikuwa ni yeye mwenyewe amesimama kando ya kaburi la baba yake.

Lakini hata huko Ulaya maua hayasemi lugha moja. Chukua ua liitwalo krisanthemamu, lenye petali nyingi zilizobanana, la rangi nyeupe, manjano au zambarau. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Poland, familia hulipeleka makaburini kila tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na siku inayofuata ya kuwaombea marehemu. Kwa sababu hiyo, ukialikwa chakula nyumbani kwa Mfaransa ukafika na krisanthemamu mkononi, mwenyeji atashtuka. Umempelekea ua la makaburini.

Kwa nini liwe hilo na si jingine? Sababu moja ni ya shambani. Krisanthemamu huchanua siku zinapokuwa fupi na usiku kuwa mrefu. Novemba Ulaya baridi imeingia na maua mengi yamekwisha, lakini hili ndiyo kwanza limechanua. Watu walichukua lililokuwapo, na miaka ilivyopita likapata maana. Desturi nyingi huanza hivyo, hata zetu.

Poland, Urusi na Ukraine kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni hesabu. Maua ya mtu aliye hai, iwe mchumba au mwalimu, hutolewa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili: moja, matatu, matano. Ya marehemu ndiyo hutolewa mawili, manne au sita. Mgeni asiyejua anaweza kumpa mchumba wake maua ya msibani na asielewe kwa nini amenuna.

Mexico rangi ya wafu ni ya furaha. Tarehe 1 na 2 Novemba, Siku ya Wafu, watu hutandaza petali za rangi ya chungwa za ua liitwalo cempasúchil, wakiamini rangi na harufu yake huwaongoza marehemu hadi kwenye meza waliyoandaliwa nyumbani. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Japani: nao wanatoa ubani

Japani, krisanthemamu nyeupe na manjano ni maua ya msiba. Hata hivyo, ua hilohilo ni nembo ya mfalme wao, na limechorwa kwenye jalada la pasipoti ya kila Mjapani. Maana ya ua inategemea limewekwa wapi.

Lililotuvutia zaidi ni bahasha. Anayekwenda msibani Japani hubeba bahasha maalumu yenye fedha, na fedha hizo huitwa kōden. Maana ya neno hilo ni sadaka ya ubani. Zamani watu walipeleka ubani wa kufukiza, baadaye zikawa fedha, jina likabaki. Ndivyo ilivyokuwa pwani yetu, ingawa ni mbali sana na Japani.

Wao pia wanaandika nani ametoa nini. Familia iliyofiwa hurudisha shukrani kwa zawadi, mara nyingi yenye thamani ya kama nusu ya ilichopewa. Na noti zinazotiwa kwenye bahasha hazitakiwi kuwa mpya, kwa sababu noti mpya inaonyesha kama vile mtu alikwenda benki mapema akisubiri kifo.

Wayahudi: jiwe badala ya ua

Kwa Wayahudi wengi maua hayapelekwi mazishini. Anayezuru kaburi huweka jiwe dogo juu yake kuonyesha kwamba amefika. Jeneza ni la mbao za kawaida, na majirani ndio wanaowaletea wafiwa chakula cha kwanza baada ya mazishi.

Hilo la kuzika kwa urahisi lina kisa chake, na kinaweza kuwa cha kijiji chochote kwetu. Talmud, kitabu chao kikuu cha mafundisho ya marabi, kinasimulia kwamba kuna wakati gharama za mazishi zilikuwa chungu kwa ndugu kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanamwacha maiti na kukimbia. Kiongozi mmoja mkubwa, Rabban Gamliel, aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, ndiye aliyelimaliza jambo hilo: alizikwa kwa sanda rahisi ya kitani, na watu wakafuata. Kama mkubwa amezikwa hivyo, mdogo hakuwa tena na sababu ya kuona aibu.

Ukilitazama hilo utaona kwamba gharama za msiba hazishuki kwa maskini kuambiwa abane matumizi. Hushuka pale mwenye uwezo anapoanza yeye.

Maua halisi yanatoka kwetu, ya plastiki yanakuja kwetu

Kuna upande mwingine wa habari hii unaotugusa mfukoni. Kenya ndiyo inayoongoza kuuza waridi katika soko la Umoja wa Ulaya, na mengi hukuzwa kando ya Ziwa Naivasha. Maua hupakiwa kwenye ndege Nairobi, na sehemu yake hupita katika mnada mkubwa wa Aalsmeer, Uholanzi. Uganda husafirisha vipandikizi vya krisanthemamu, vikonyo vidogo vinavyokwenda kupandwa Ulaya. Huku kwetu karibu na ikweta usiku na mchana hulingana, kwa hiyo mashamba huwasha taa usiku ili mimea mama isichanue kabla ya kukatwa vipandikizi. Arusha nayo ina mashamba ya maua.

Kwa hiyo ua linalowekwa juu ya kaburi la bibi wa Kifaransa huenda lilianza mikononi mwa mama wa Afrika Mashariki. Wahenga walisema kufa kufaana. Machi 2020, korona ilipofunga masoko ya Ulaya, mashamba ya Naivasha yalitupa maua na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani.

Lakini kwenye makaburi yetu sisi wenyewe tunaweka plastiki. Maua mengi ya plastiki yanayouzwa duniani hutengenezwa China. Marufuku ya Juni 2019 hapa Tanzania ilihusu mifuko ya kubebea, haikugusa mashada. Pita makaburini miezi michache baada ya mazishi: maua yamepauka, waya umetokeza, upepo umeyapeleka shambani ambako mbuzi anatafuna. Hata Uingereza walilazimika kulisema. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, wasimamizi wa bustani za kifalme za London waliomba wananchi waondoe karatasi za plastiki kwenye maua kabla ya kuyaweka, ili yaoze na kurudi kuwa mbolea.

Nani alikosea?

Turudi Rombo. Sisi tunaona hakuna aliyemdharau marehemu. Kijana alituma shada kwa sababu hakuweza kutuma mwili wake. Baba mdogo alitaka isale kwa sababu ndiyo inayobaki. Walichokosa ni mazungumzo ya nusu saa kabla ya fedha kutumwa, na msibani nusu saa hiyo ni ngumu kupatikana kila mtu akiwa na uchungu.

Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe wakati wa uzima. Kwenye kikao cha ukoo au cha chama cha kufa na kuzikana, mnaweza kukubaliana mapema kwamba kaburi litawekewa shada moja la familia nzima, na majina ya walio mbali yasomwe wakati linawekwa. Mnaweza kukubaliana maua yawe halisi, hata yale ya uani, kwani bogonvilia na asumini ya nyumbani haina bei. Uingereza, matangazo mengi ya vifo huomba watu wasilete maua, badala yake wachangie hospitali au kazi aliyoipenda marehemu. Kwetu tangazo kama hilo lingeweza kusema: badala ya shada, changia ada ya watoto aliowaacha. Na kama plastiki imeshawekwa, ikusanywe siku ya arobaini, si kuachiwa mbuzi.

Tuliomba ruhusa ya msikilizaji wetu, tukampigia baba mdogo. Hakutaka kuongea hewani, na tunaheshimu hilo. Alituambia jambo moja tu: lile shada tayari limepauka, lakini utepe wenye jina la mwanawe ameukata na kuufunga kwenye isale, usipeperuke. Tulimuuliza kama amemwambia kijana. Akasema bado.

Ninyi kwenu mnazikaje? Tutumieni ujumbe wa sauti au wa maandishi, tutausoma kipindi kijacho. Na baba, kama unatusoma: mpigie.